Ufa wa Nguzo ya Kulia

Watu wote walimwita Mzee Cheka, na jina hilo hakulipata kwa ucheshi, maana yeye mwenyewe alicheka kwa nadra, labda mara moja kwa juma, na hiyo kwa kubembelezwa. Alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na tisa alisimama mchangani chini ya Lango, kamera shingoni, akiwaambia watu asiowajua neno lile lile moja: "Cheka." Baba mwenye familia aliyenuna njia nzima kwa sababu gari lilichemka, cheka. Mama mkwe aliyeletwa matembezini shingo upande, cheka. Mtoto aliyeingiwa na mchanga machoni, wewe nawe cheka. Nao walicheka, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka mjadala.

Lango lenyewe lilikuwa jabali. Pwani yote ile ni majabali yanayoshuka wima hadi majini, lakini mahali pamoja bahari ilitoboa, ikaacha nguzo mbili za mawe na dari juu yake. Mtu akisimama katikati wakati maji yamekupwa, aliona ghuba nzima ya upande wa pili. Watu waliendesha gari saa tatu, saa nne, kuja kutazama tundu hilo. Walikata tiketi juu, wakashuka ngazi mia moja na arobaini, wakala walichobeba, wakapigwa picha, kisha wakapanda ngazi zile zile wakihema, na nusu yao wakaishia kwa mke wa Mzee Cheka, aliyekuwa na kibanda cha chai pale pale ngazi zinapoishia. Mke alisema Mungu aliziumba ngazi zile kwa ajili ya kibanda chake.

"Yeye anawachekesha chini," alizoea kusema, "mimi nawafufua juu."

Sasa, Lango lilikuwa na ufa. Ulikuwa kwenye nguzo ya kulia, upande wa ndani. Ulianzia kwenye kishimo cha ukubwa wa kidole gumba, karibu na goti la mtu mzima, ukapanda, ukapinda kidogo kushoto, ukagawanyika mara mbili penye kimo cha bega. Tawi moja liliishia hapo hapo, jingine likaendelea hadi darini. Mzee Cheka aliukuta alipokuja kujifunza kazi akiwa kijana, na aliyemfundisha naye aliukuta. Ulikuwa mweusi na mbaya, na ulipenda kutokeza nyuma ya vichwa vya watu, ikawa kila picha kuna mtu ameota pembe.

"Mteja hakuja huku kupigwa picha na ufa," mwalimu wake alimwambia siku ya kwanza. Kwa hiyo somo la kwanza, kabla ya kufundishwa kuweka filamu, kabla ya mambo ya mwanga, lilikuwa kuuondoa ule ufa. Wao waliita kupiga brashi. Ulichukua brashi nyembamba ya nywele tatu, ukaichovya kwenye wino, ukaufuata ufa juu ya filamu yenyewe kuanzia kishimoni kwenda juu, polepole, umebana pumzi. Walipiga brashi kwenye filamu, si kwenye karatasi, ili hata mteja akirudi baada ya miaka kumi kutaka nakala, ufa usirudi naye. Mwalimu hakuruhusu picha hata moja itoke chumba cha giza kabla ya kupigwa brashi, na mwanafunzi, alipobaki peke yake na kazi ile, hakuruhusu pia.

Filamu zilipokwisha madukani, binti yao anayefanya kazi mjini alimletea baba yake kompyuta na kumfundisha. Mzee alijifunza haraka kuufuta ufa kwa kipanya. Mkono ulikwenda njia ile ile, kishimoni, kushoto kidogo, begani, darini. Kilichomshinda ni kuhifadhi. Kompyuta ilimuuliza kila mara kama anataka picha mpya ikae juu ya ile ya zamani, naye kila mara alibonyeza ndiyo. Binti alimwonya. Alimwambia, baba, weka zote mbili, ile ya awali usiiguse. Mzee aliona huo ni upuuzi, sawa na kufua shati halafu ukalikunja kabatini pamoja na uchafu wake.

Basi maisha yakaenda hivyo, wala hayakuwa mabaya. Yangeendelea kwenda hivyo kama jiwe la ukubwa wa mkate lisingeanguka kutoka darini, siku ambayo watoto wa shule walikuwa wamekaa chini yake wanakula maandazi.

Hakuna aliyeumia. Kofia moja ililaliwa na jiwe, na mwenye kofia alilia kwa ajili ya kofia tu. Lakini mwalimu wao aliandika barua, barua ikapanda ngazi za ofisi nyingi kuliko zile mia moja na arobaini, na baada ya miezi miwili akaletwa mtaalamu wa miamba.

Alikuwa msichana wa rika la binti yao, mwenye buti zilizopauka na kofia ngumu. Siku mbili alining'inia kwenye kamba kama fundi rangi, akigonga hapa na kupima pale. Siku ya tatu alipanda hadi kibandani, akaagiza chai, akaulizwa swali lililokuwa kwenye vinywa vya wote waliokuwepo: mke wa Mzee Cheka, mkata tiketi aliyekuwa ameacha dirisha lake wazi, na wageni sita waliokuwa wakipumzisha magoti.

"Lile jiwe lililoanguka si kitu," mtaalamu alisema. "Yako mawe mengine mawili matatu yaliyolegea, tutayatoa. Kinachonisumbua ni ule ufa wa nguzo ya kulia. Nataka kujua jambo moja tu, ni wa lini. Kama ni wa zamani na haujasogea, Lango litatuzika sote hapa likiwa limesimama. Kama ni mpya, basi unatembea, na mimi siwezi kumwacha mtu apite chini yake."

"Mpya wapi," mkata tiketi alisema. "Tumekua nao huo."

"Kwa maneno, sawa. Mna picha?"

Watu walicheka, na vichwa vyote vikageuka upande mmoja. Mzee Cheka alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafuta lenzi. Akainuka taratibu, kama mtu aliyesubiri kuulizwa hivyo tangu azaliwe, akaenda nyumbani, akarudi na toroli.

Ndani ya toroli zilikuwa albamu kumi na moja. Kila mwezi, kwa miaka yote ile, alikuwa ametoa nakala moja ya picha iliyompendeza zaidi na kujiwekea. Mtaalamu alipoziona aliweka kikombe chini. Alisema hajawahi kubahatika hivyo. Mahali pengine hupewa picha mbili za sherehe na moja ya mbuzi. Akatoa kioo cha kukuzia, akafungua albamu ya kwanza. Mzee alisimama nyuma ya bega lake, mikono mgongoni, akimweleza huyu ni nani na yule aliishia wapi. Moyo wake ulikuwa umejaa. Alijiona ameokoa Lango, kibanda, dirisha la tiketi na njia nzima ya pwani, na toroli ndiyo imefanya kazi yote.

"Hii ya mwaka gani, mzee?"

Akamwambia.

"Na hii?"

Akamwambia.

Mtaalamu alifungua albamu ya nne, akarudi ya pili, akafungua ya tisa. Kisha akaondoa kioo jichoni. "Hakuna ufa," alisema.

Usimcheke. Najua unachofikiri, mimi pia nilifikiri hivyo niliposimuliwa mara ya kwanza: mtu gani huyu abebe albamu kumi na moja kwa toroli kwenda kujichongea? Lakini sitii chumvi nikisema halikumpitia kichwani hata kidogo. Mtu akifagia uwanja wake kila siku kwa miaka ishirini na tisa, hakumbuki majani. Yeye alipofungua albamu zile aliona Lango, na Lango lilikuwa vile linavyotakiwa kuwa. Mpaka pale msichana aliposema neno lile, ndipo na yeye alipoliona jiwe tupu, safi, ukurasa baada ya ukurasa.

Mke wake alimtazama. Yeye alijua, nani asiyejua ya chumbani kwake? Akafungua mdomo, na mumewe akakohoa kikohozi kile ambacho wanandoa huelewana. Maana pale mezani palikuwa na mama mmoja kati ya wale wageni aliyekuwa amejiona katika albamu ya sita, msichana mdogo na ndoo yake ya mchanga, akawa anawaonyesha wanawe: tazameni, Lango lilivyokuwa zuri zamani, kabla halijaharibika. Mzee angeanzia wapi kusema mbele ya mama yule kwamba halikuwa hivyo siku ile, kwamba amewapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote ile? Akapiga kimya. Mtaalamu akaandika kitu kwenye daftari lake, akashukuru, akashuka.

"Umemeza ulimi?" mke alimuuliza walipofika nyumbani.

"Ningesema nini mbele ya wateja?"

"Ungesema, nilifuta. Neno moja hilo. Kila siku unawaambia watu neno moja, leo lako limekushinda."

Alikuwa amesema kweli, na kweli ya mke haina dawa. Asubuhi yake, kabla dirisha la tiketi halijafunguliwa, Mzee Cheka alishuka ngazi akamkuta mtaalamu anafunga kamba. Akamwambia yote, tangu brashi ya nywele tatu hadi kipanya. Alisema haraka haraka, akiwa ametazama buti za yule msichana.

Mtaalamu hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliuliza kuhusu filamu, akaambiwa zimepigwa brashi. Aliuliza kuhusu picha za awali kwenye kompyuta, akaambiwa zimekaliwa. Aliuliza kama kuna hata moja iliyosahaulika, iliyoharibika, iliyokataliwa na mteja. Mzee akasema mbovu alikuwa anazichoma.

"Picha za simu ninazo," mtaalamu alisema. "Nimeomba watu wamenitumia. Lakini za simu ni nyuso tupu, na zenye ufa zinarudi nyuma miaka saba tu. Miaka saba kwa jabali ni kama jana asubuhi."

"Haujasogea, mwanangu. Nakuapia. Mkono huu umeufuata kila siku ya Mungu. Ungesogea hata unywele, mkono ungejua."

Msichana akamtazama, kisha akachana ukurasa wa daftari, akampa na kalamu ya risasi. Mzee akafumba macho. Akachora kishimo, akapanda, akapinda kushoto, akagawanya penye bega, akamalizia juu. Mtaalamu alichukua karatasi akaenda nayo hadi kwenye nguzo, akasimama pale kwa muda mrefu, akitazama huku na huku.

"Umeuchora vizuri kuliko kamera yangu," alisema aliporudi. "Lakini huu ni ufa wa leo, mzee. Siwezi kuambatanisha mkono kwenye ripoti. Kwamba ulifuta, naamini. Ulifuta nini miaka ishirini iliyopita, sijui, wala hakuna anayeweza kujua." Akakunja karatasi vizuri na kuitia mfukoni. "Nina siku kumi kabla ya kupeleka ripoti. Nitafutie picha moja. Moja tu ya zamani, hata iwe mbaya namna gani."

Siku kumi ni nyingi ukiwa unasubiri, na ni chache ukiwa unatafuta. Picha ya kwanza iliyomjia akilini ilikuwa ukutani kwake mwenyewe. Picha yao ya harusi ilipigwa chini ya Lango na mwalimu wake, na siku ile mwalimu alikuwa na homa, akasema waziwazi kwamba leo brashi hataishika. Mzee Cheka alizipanda zile ngazi kama kijana. Alipita kibandani bila kusimama, mkewe akamfuata akidhani nyumba inaungua, akamkuta amesimama juu ya kiti sebuleni, fremu mkononi.

Pale walikuwa, wembamba wote wawili, yeye na suti ya kuazima iliyomzidi mabega. Nguzo ya kushoto ilionekana, dari ilionekana. Na mbele ya nguzo ya kulia, gauni limefunika kishimo, shela limefunika bega, na mwavuli mweupe umefunika mpaka juu, alisimama bibi harusi.

Mke alichukua fremu akaitazama karibu. "Ndiyo maana," alisema. "'Bibi harusi, hatua moja kulia.' Nikadhani ananitafutia mwanga, mzee wa watu. Kumbe ananifanya brashi." Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini, akimwambia mumewe kwamba basi na yeye ashitakiwe, maana ndiye aliyeuficha ufa wa kwanza. Mumewe hakucheka, na baada ya kitambo naye akaacha. Wakabaki wamekaa, fremu katikati yao.

Baada ya hapo walitafuta kwa watu. Mkata tiketi alibandika tangazo dirishani. Binti alituma ujumbe kwa kila mtu aliyemjua mjini na asiyemjua. Mzee mwenyewe alifunga safari kwenda kwa mteja wake mkongwe kuliko wote, mkunga mstaafu aliyekuja Langoni kila mwaka na ndugu zake tangu Mzee Cheka hajaota mvi.

Mkunga alimpokea kama mfalme. Alimkalisha kwenye kochi lenye kitambaa cha kusuka, akampa maji ya matunda kwenye glasi ya wageni, akamwonyesha ukuta. Picha zilikuwa tisa, zimepangwa kwa miaka, na katika zote tisa nguzo ya kulia iling'aa kama iliyooshwa kwa sabuni.

"Kila anayeingia humu ananiuliza, mpiga picha huyu ni nani," mkunga alisema. "Wengine wanapiga picha, lakini wewe unalipa jiwe heshima yake."

Mzee aliuliza kama labda, kwa bahati, siku zile yuko mtu katika familia aliyekuja na kamera yake mwenyewe.

"Kaka yangu," mkunga alisema. "Alikuwa na kijikamera, akipiga kila kitu. Lakini hakuwa na jicho. Picha zake chafu, watu wamekatwa vichwa, jiwe lina mstari mkubwa mweusi katikati, utadhani limepasuliwa kwa shoka. Tulipohamia nyumba hii nikamwambia, za nini hizi na tuna za Mzee Cheka? Tukazitupa zote." Akamwongezea maji ya matunda. "Mbona hunywi?"

Alikunywa. Angefanya nini? Alikunywa glasi nzima, akashukuru, akasifiwa tena mlangoni, na njia nzima ya kurudi alikuwa na mstari ule mkubwa mweusi mbele ya macho, umeshikwa na mkono wa mtu asiye na jicho, unaangukia kwenye pipa la taka. Hajawahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea yule kaka wa mkunga.

Majibu mengine yalikuja kwa bahasha na kwa simu. Watu walijitahidi, wema wao ulimuumiza. Mmoja aliivunja fremu ya marehemu mama yake ili atume picha yenyewe. Zote zilikuwa kazi ya Mzee Cheka, na zote zilikuwa safi. Siku ya kumi mtaalamu alipanda kibandani, akavua kofia ngumu, na kabla hajaulizwa mke wa mzee alishamsogezea kiti.

"Nimeandika nilichoambiwa," msichana alisema. "Nimeandika hata habari ya brashi. Nimewasomea wakubwa wa ofisini kwa simu, wamesema ufa usiojulikana umri wake ni ufa mpya. Uzio hautoshi, kwa sababu njia ya ufukweni inapita chini yake, watu wataruka tu. Wataliangusha, wiki ijayo, maji yakikupwa."

Mkata tiketi alitukana, kisha akaomba radhi. Mzee Cheka aliuliza swali moja, kama ingekuwa vinginevyo endapo angeacha picha moja tu, moja kati ya zote, bila kuigusa. Mtaalamu alizungusha kikombe.

"Ndiyo, mzee," alisema. Hakujua kudanganya, na hilo sitamlaumu.

Kisha akamwomba jambo. Ripoti ilihitaji picha ya kumbukumbu ya Lango zima, ya mwisho, itakayowekwa ofisini. Yeye alikuwa na picha za ufa za karibu karibu, vipande vipande na rula kando, lakini ya Lango zima lililosimama hakuwa nayo, na hakuna aliyejua pa kusimama kama mzee. Alimwambia alipige kama lilivyo. Mzee alielewa maana ya maneno hayo, na alimshukuru kwa kumpa. Lilikuwa jambo la kwanza kwa siku zote hizo ambalo mikono yake iliweza kufanya.

Alishuka siku moja kabla ya kulipuliwa, asubuhi, ufuko umefungwa na hakuna mgeni. Alisimama kwenye jiwe lake, lile alilozoea kupigia picha. Alisubiri jua liingie upande wa ndani wa nguzo ya kulia, kitu ambacho maishani mwake alikuwa akikikimbia, maana hapo ndipo ufa huonekana wote. Ulionekana wote. Aliinua kamera, na neno likamtoka lenyewe, "Cheka," mchangani hakuna mtu. Alipiga picha moja tu, kwa sababu filamu ilimfundisha ubahili na kamera mpya haikuwahi kumfundisha vinginevyo.

Jioni aliihamishia kwenye kompyuta, akainyoosha kidogo maana bahari ilikuwa imelala upande, akaongeza mwanga. Mkewe alikuwa anamwita aje amsaidie kufunga vikombe kwenye maboksi. Alimjibu naja. Alimaliza, akahifadhi, akaituma, akaenda kufunga vikombe.

Walilipua saa nne asubuhi. Watu walisimama juu nyuma ya kamba, simu zimeinuliwa. Mlio haukuwa mkubwa walivyotarajia. Kitu kizito kilidondoka kwenye chumba cha jirani, ndivyo ilivyosikika. Vumbi lilipotulia palikuwa na nguzo moja, ya kushoto, na rundo la mawe, na bahari inaonekana yote bila kupitia popote. Wachache walipiga makofi, wakaona haya, wakaacha. Ndani ya saa moja maegesho ya magari yalikuwa matupu. Mke aliteremsha dirisha la kibanda bila kuuza kikombe hata kimoja.

Saa kumi simu ililia.

"Shikamoo, mzee," mtaalamu alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Picha nimeipata. Ni nzuri sana. Mzee, ufa uko wapi?"

Alikwenda kwenye kompyuta na simu sikioni. Akaifungua. Bahari imenyooka, mwanga umekaa vizuri, Lango limesimama zima, na nguzo ya kulia ni jiwe tupu, safi, kuanzia mchangani hadi darini. Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kuinyoosha bahari. Alikumbuka sauti ya mkewe na vikombe. Mkono wake ulipopita kishimoni, ukapinda kushoto, ukafika begani, hilo hakulikumbuka kabisa.

"Ile ya awali unayo?" msichana aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Imekaliwa."

"Haya, mzee," alisema. "Pumzika." Akakata simu polepole, kama inawezekana kukata simu polepole.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na amesikia ya kutosha. Hakumgombeza. Alikuja akakaa kando yake mezani. Baada ya muda Mzee Cheka alivuta boksi moja la vikombe, akachukua kalamu ya risasi, akaanza kuchora ubavuni mwake: kishimo cha kidole gumba, kupanda, kushoto kidogo, matawi mawili, darini. Hakukosea hata mahali pamoja. Mkewe aliutazama ule mstari kwa makini kutoka chini hadi juu, kisha akaweka kidole penye bega, pale unapogawanyika.

"Hapa nilisimama mimi," alisema.